Kabla Hujafunga Bati Juu ya Fuso



Kila fedha za korosho zikishaingia, maduka ya vifaa vya ujenzi hapa Gerezani hujaa wageni wa mikoani. Mume na mke hubishana rangi ya bati weee, mpaka muuzaji anachoka. Joto la nyumba hakuna anayeliuliza.

Nami sikuuliza. Nilinunua bati la kahawia iliyokoza, fundi akapandisha kuta kuficha paa kama mtindo wa siku hizi, upenu haupo. Madirisha makubwa yakatazama magharibi kwa kuwa barabara iko huko. Tulihamia Februari. Wiki ya kwanza tu watoto walikimbia chumba, wakalala nje kwenye mkeka. Mdogo akapata malaria.

Nikakimbilia feni. Feni 3 za wati 60 zikizunguka saa 10 kila usiku hula uniti 54 kwa mwezi. Pasi, friji na taa hujawasha. Na wewe mwenye duka kijijini, friji iliyo kwenye chumba cha moto hufanya kazi muda mrefu zaidi, LUKU inakwenda.

Mimi si mhandisi, ila msimamo wangu ni huu: fedha ya kwanza iende kwenye kivuli na upepo, urembo usubiri. Kwetu pwani upepo unajulikana, kusi na kaskazi. Basi upande mrefu wa nyumba utazame kaskazini na kusini, madirisha yatazamane, yawe na nyavu. Upande mfupi ndio upigwe na jua la asubuhi na la jioni. Kugeuza msingi kabla ya kuchimba hakuongezi hata mfuko mmoja wa saruji. Bati liwe la rangi nyeupe au hafifu, chini yake weka dari, na upenu utoke vya kutosha kufunika ukuta.

Wapo watakaosema haya ni ya wenye uwezo. Kijijini Magoda, mkoa wa Tanga, zilijengwa nyumba 6 za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, na usiku zilikuwa na ubaridi kuliko nyumba za jirani. Baadaye zikajengwa 110 vijijini Mtwara, vyumba vya kulala vikiwa juu, familia zikapatikana kwa bahati nasibu. Watoto waliohamia humo walipungua kuugua malaria na kuhara. Hata nyumba za zamani za Kariakoo zilikuwa na ukumbi wa katikati na uwani nyuma, upepo ukipita moja kwa moja. Tumezibomoa, tukafunga viyoyozi.

Mimi nimeshabomoa ule ukuta wa juu, nikatoa upenu na kuweka dari. Gharama yake ilizidi ile ambayo ningelipa mwanzoni, maana kenchi zilibidi kuongezwa. Sasa tunawasha feni 1, na mkeka umerudi sebuleni.