Ngozi iuzwe kwa kipande

Ukitafuta fundi nguo Tabora, Mbeya au Temeke, humalizi mtaa kabla hujampata. Wengi wao hufanyia kazi nyumbani, cherehani ikiwa kibarazani au sebuleni, na wateja ni majirani. Ukitafuta mtu anayeshona mikoba, mikanda na pochi za ngozi nyumbani kwake, utazunguka mji mzima. Jambo hili linapaswa kutusumbua, maana sensa ya kilimo ya 2019/20 ilihesabu nchini Tanzania ng'ombe zaidi ya milioni 33 na mbuzi zaidi ya milioni 24. Maelezo tuliyozoea kupewa ni kwamba watu hawana ujuzi, hawana mtaji, au wanapenda vya nje. Sikatai kwamba hayo yapo. Lakini naamini chanzo kiko karibu zaidi ya hapo: fundi nguo yupo kila mtaa kwa sababu kitambaa huuzwa kwa kiasi anachokihitaji, na fundi ngozi hayupo kwa sababu ngozi haiuzwi hivyo.

Msichana anayeanza kushona hununua mita moja ya satini au doti moja ya kitenge, uzi, zipu na vifungo, vyote katika duka moja, na muuzaji akimfahamu humkopesha. Akikata vibaya, amepoteza mita moja. Kesho anarudi tena dukani, na kwa kurudi huko ndiko anakohitimu. Ngozi iliyosindikwa hupimwa kwa futi za mraba, na ya ng'ombe mmoja huweza kuzidi futi 20. Pochi ya kuwekea kadi haifiki hata nusu futi. Anayetaka kujifunza kushona pochi akilazimika kununua ngozi nzima, au nusu yake, ameambiwa aweke mtaji wa karakana kabla hajajua kama mkono wake unaiweza kazi. Tena itambidi aagize kutoka mji mwingine, bila kuishika wala kuikunja aone unene wake. Wengi huishia kununua ngozi bandia, ambayo hupatikana kwa mita kama kitambaa, na baada ya muda mfupi mkoba wao unaanza kubanduka maganda. Mteja hasemi kwamba malighafi ilikuwa mbaya. Anasema vitu vya mafundi wetu havidumu.

Hapa ndipo sera zetu zimekuwa zikitazama upande mmoja. Kwa miaka mingi mjadala wa ngozi katika Afrika Mashariki umekuwa wa ushuru wa kusafirisha ngozi ghafi, ili zisindikwe hapa hapa, na wa viwanda vikubwa vya viatu kama kile cha Karanga mjini Moshi. Lengo ni zuri. Tatizo ni kwamba ngozi zetu nyingi hazikidhi vigezo vya viwanda hivyo. Ng'ombe hukwaruzwa na miiba, huumwa na kupe, huchapwa fimbo. Mwaka 2017 ulifanyika msukumo wa kitaifa wa kuwapiga chapa kwa chuma cha moto. Ng'ombe akifika machinjioni, mchunaji anayetumia kisu cha kawaida kwa haraka huitoboa ngozi, kisha huanikwa chini juani ikakakamaa. Kiwanda cha viatu kinahitaji vipande vilivyo safi na vinavyolingana, maelfu kwa maelfu, na kwa hiyo ngozi yenye kovu hushushwa daraja na bei yake huporomoka. Fundi wa nyumbani hana shida hiyo. Yeye anakata kipande kimoja kimoja kwa jicho lake, analikwepa tundu, na ikimbidi analiacha kovu lionekane ubavuni mwa mkoba, kwa sababu kovu ni dalili kwamba hii ni ngozi ya mnyama kweli. Mabaki ambayo kiwanda kinayatupa yanamtosha kwa vishika funguo, mikanda ya saa na mishikio ya mikoba ya kitenge. Sijui soko lingine lolote linaloweza kupokea ngozi yetu kama ilivyo leo, wakati tukiendelea kuwafundisha wafugaji na wachunaji kuitunza vizuri zaidi.

Mkono nao una ubora wake. Cherehani ya nguo haishoni ngozi nene. Sindano huvunjika au hurukaruka. Fundi hutoboa matundu kwa msharasi, kisha hupitisha uzi mmoja uliopakwa nta, wenye sindano kila ncha, sindano zikipishana katika kila tundu. Mshono huo ukikatika mahali pamoja, upande wa pili wa uzi unabaki umeshika. Mshono wa mashine hufungwa na nyuzi mbili zinazonasana katikati, na ukikatika huanza kufumuka. Vifaa vyote vinavyohitajika kwa kazi ya mkono, yaani msharasi, kisu kikali, sindano, rula, nyundo na ubao, vinaenea kwenye ndoo ndogo, na havitumii umeme. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, au kijana mwenye ulemavu wa miguu, hii ni kazi inayomfuata alipo.

Lipo jambo linaloniuma zaidi. Ngozi inayofaa kuliko zote kwa kazi hii ni ile iliyosindikwa kwa magome ya miti, ambayo huwa imara, hukubali kuchorwa, na kingo zake husuguliwa zikang'aa. Mti unaotumika sana duniani kwa usindikaji huo ni muwati, na Njombe kuna mashamba ya miwati ya kampuni ya TANWAT tangu 1949, yenye kiwanda cha kukamua dawa ya kusindikia kutoka kwenye magome. Dawa hiyo tumeizoea kama bidhaa ya kusafirishwa nje. Tuna ng'ombe, tuna magome, tuna mikono, na bado fundi wa Makambako hawezi kununua futi mbili za ngozi iliyosindikwa kwa muwati wa Njombe.

Wapo watakaosema kwamba kazi za nyumbani haziwezi kuajiri umma, na kwamba nchi hujengwa na viwanda. Ni kweli kwamba mikoba ya mkono haitavalisha viatu wanafunzi wa nchi nzima. Lakini vitu hivi viwili havigombanii malighafi moja. Nimeonyesha kwamba fundi huanzia pale kiwanda kinapoishia. Wengine watahofia uchafuzi wa maji, na hofu yao ina msingi, kwa sababu sehemu kubwa ya ngozi duniani husindikwa kwa kromiamu, na maji yake hayatakiwi kumwagwa mtaroni. Ndiyo maana sipendekezi mtu yeyote asindike ngozi uani kwake. Usindikaji ubaki viwandani chini ya ukaguzi, na nyumbani ifike ngozi iliyokwisha kukamilika.

Pingamizi zito kuliko yote ni la unyonyaji. Anayefanya kazi nyumbani ni rahisi kupunjwa: anapewa vipande vilivyokatwa, analipwa kwa idadi, na mwenye duka anachukua faida. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 177 kuhusu kazi za nyumbani mwaka 1996, na nchi zilizouridhia ni chache, Tanzania haimo. Iuridhie. Lakini angalia pia punjo hilo linatoka wapi. Mshonaji hulazimika kumtegemea tajiri hasa kwa sababu tajiri ndiye mwenye uwezo wa kununua ngozi nzima. Akiweza kujinunulia kipande, anaweza kukataa ujira mbaya.

Fedha za kuanzia zipo. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Sehemu yake itolewe kwa ngozi, uzi na vifaa badala ya fedha taslimu. SIDO, shirika la umma la viwanda vidogo ambalo lina ofisi mikoani, iweke kaunta ya kuuzia vipande, na kiwanda kinachoomba nafuu ya kodi kipewe sharti la kuiuzia kaunta hiyo ngozi za daraja la chini na mabaki. Mwanza ndiyo ingefaa kuanza: mifugo ya Kanda ya Ziwa iko jirani, na Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam ina kampasi pale inayofundisha teknolojia ya ngozi. Wanafunzi wake wanaweza kupima, kupanga madaraja na kukata, na bei ikabandikwa ukutani kwa nusu futi, ili anayekuja na fedha ya pochi moja aondoke na ngozi ya pochi moja.