Mtoto wa Kibarua na Darasa la Awali

Mama wa Kitahana, wilayani Kibondo, aamkaye alfajiri kwenda kulima shamba la mtu kwa ujira wa siku, hana hiari baina ya masomo ya mwanawe na chakula cha jioni. Humbeba mtoto mchanga mgongoni, na yule wa miaka mitatu au minne humwachia dada yake, ambaye aghalabu naye ni mtoto, na ambaye siku hiyo huikosa shule yake mwenyewe. Kwa hiyo pale mmoja anapokosa pa kulelewa, wawili hukosa elimu, wala daftari la mahudhurio halisemi sababu.

Siikani hisani iliyokwisha kutendwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliufanya mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa faradhi kwa kila mtoto, na Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 ukaondoa ada. Lakini fakiri hazuiwi na ada peke yake. Kaya za Kibondo na Kasulu zimetawanyika juu ya vilima, na mtoto wa miaka mitano hawezi masafa ayawezayo nduguye wa miaka kumi, sembuse wakati wa masika vijito vinapojaa. Na hata akifika, darasa hutawanyika kabla ya adhuhuri, ilhali kibarua haweki jembe chini mpaka kipande chake kiishe. Kisha kuna lugha: mtoto aliyelelewa kwa Kiha, asipopata darasa la awali, hukutana na Kiswahili cha masomo katika darasa la kwanza, akadhaniwa mzito wa akili, kumbe ni mgeni wa maneno tu. Dhuluma hii hunihuzunisha kupita zote.

Dawa yake imekwisha kujaribiwa papa hapa mkoani Kigoma. Mpango wa EQUIP-Tanzania, ambao mkoa huu ulikuwa miongoni mwa mikoa yake, ulisaidia shule shikizi karibu na makazi ya watu, na vijana wa vijiji wakawafundisha wadogo kwa hadithi na michezo, ili waingie shule wakiwa wameizoea lugha. Walakini mpango una mwisho, na kumtaka kijana asiye na kitu awalee watoto wa wenziwe miaka nenda miaka rudi bila ijara ni kumtwisha fakiri deni la fakiri mwenziwe.

Lori la maharagwe litokalo Kasulu au Kibondo hutozwa ushuru wa mazao na halmashauri, na maharagwe yale yamepaliliwa na mama hao hao. Naomba, kwa insafu, fungu la ushuru huo limlipe mlezi mmoja katika kila kitongoji na kununua unga wa uji. Na kituo chake kipokee watoto tangu miaka mitatu, kifunguliwe mama aendapo shamba, wala kisifungwe kabla hajarejea.