Jakarta wakati wa Idi

Ndugu mwandishi, Bali umeisifia vizuri katika makala yako, lakini naomba na Jakarta ya wiki ya Idi, wanayoiita Lebaran, isisahaulike. Naishi huku kikazi, na hakuna kipindi ninachokipenda zaidi. Mamilioni ya watu hurudi kwao, Java ya Kati na kwingineko, na barabara ya Sudirman yenye foleni za kuchosha inapitika bila shida. Mimi hupanda treni ya MRT, iliyoanza mwaka 2019, hadi kituo cha Bundaran HI, kisha basi la TransJakarta mpaka Kota Tua, yaani mji mkongwe. Mbele ya Makumbusho ya Fatahillah wanakodisha baiskeli za rangi kali, na kofia pana za kuvaa ukiziendesha. Akina mama huzunguka uwanja mzima na watoto wao wakicheka. Bustani ya wanyama ya Ragunan siku hizo hujaa pomoni, subirini kwanza sikukuu ipite. Majirani zangu huniletea ketupat, wali uliopikwa ndani ya majani machanga ya mnazi yaliyosukwa, pamoja na opor, kuku wa tui la nazi. Mtamu mno! Ila wauza vyakula wengi wa mitaani nao husafiri, kwa hiyo nunueni mahitaji yenu mapema.