Vidonge vya Damu: Dawa kwa Mama, Sumu kwa Mtoto

Kina mama wajawazito wa Kasulu na Kibondo, kama wenzao kote nchini, hupewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma. Ni vema tukajua yanayotendeka vikishamezwa.

Chuma hakisafiri peke yake katika damu. Mpagazi wake ni protini iitwayo transferini: kila molekuli yake hubeba atomu mbili tu za chuma na kuzifikisha kwenye uboho wa mifupa, zinakotengenezwa seli nyekundu. Kwa dozi ya mama, wapagazi hawa hutosha.

Lakini mtoto mdogo akimeza vidonge vingi akidhani ni peremende, wapagazi hujaa. Chuma kinachobaki huru hudhuru ini na moyo, na chaweza kuua. Mtoto hutapika, kisha huenda akaonekana amepata nafuu, ilhali sumu ingali ikifanya kazi. Tusingoje, tumkimbize hospitali mara moja, na pakiti ya dawa tuichukue.

Mama asiache vidonge vyake, ila asivimeze pamoja na chai, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Nasi wa nyumbani tuvifungie kabatini. Watoto ni amana.