Wacheni Kutuambia Ni Risasi Moja

Uliza mwanafunzi yeyote wa sekondari hapa Borabu ni nini kilileta Vita vya Kwanza vya Dunia. Atakuimbia bila kupumua: Franz Ferdinand alipigwa risasi Sarajevo, tarehe 28 Juni 1914. Ukimbana kidogo anaongeza orodha, miungano, silaha, uzalendo, ukoloni. Pointi nne, maksi nne, kengele imelia, twende chai.

Watu wangu, hiyo orodha inatudanganya. Si kwamba ina uongo ndani. Shida ni vile imepangwa, kama mafungu ya nyanya sokoni, kila fungu peke yake na bei yake.

Hebu tuichukue hiyo miungano. Kwani Uingereza na Ufaransa walipatana vipi? Hao walikuwa mahasimu wa miaka na mikaka, na 1898 nusura wapigane pale Fashoda, Sudan. Mwaka 1904 wakakaa chini. Walikubaliana nini? Wewe niachie Misri, mimi nikuachie Morocco. 1907 Uingereza ikakaa na Urusi, wakapangiana nani atakuwa na sauti sehemu gani ya Uajemi. Sasa niambie, hapo muungano ni pointi ya kwanza na ukoloni ni pointi ya nne? Ni kitu kimoja, jameni! Urafiki wao ulifungwa kwa mali ya watu wengine. Ujerumani ilikuwa imechelewa mezani, ikajaribu kuuvunja urafiki huo huko huko Morocco, 1905 na tena 1911. Kila ilipojaribu, wale wengine wakazidi kushikana.

Sisemi Ulaya hawakuwa na yao. Ufaransa haikusahau Alsace na Lorraine zilizonyakuliwa 1871. Ujerumani ilianza kujenga meli za vita kwa fujo tangu sheria yake ya 1898, na Uingereza ikajibu na Dreadnought mwaka 1906. Austria na Urusi walikuwa wanavutana kwa sababu ya Serbia na majirani zake. Mtu akiniambia Wazungu walichinjana kwa ajili ya mashamba ya Kisii nitamcheka. Lakini mtu akiniambia sisi tulikuwa watazamaji tu, ati vita vilitushukia ghafla kama mvua ya mawe kwa majani chai, huyo nitabishana naye mpaka usiku.

Angalia ramani. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walivuta mstari kutoka mdomo wa mto Umba kule pwani, wakauzungusha Kilimanjaro, wakaupeleka hadi Ziwa Victoria. 1890 wakauendeleza ng'ambo ya ziwa. Wakuria, ambao lugha yao na yetu ni kama ndugu, wakaamka wengine ni wa Mjerumani na wengine wa Mwingereza. Hakuna mzee hata mmoja aliyeulizwa.

Mstari ukishachorwa lazima ulindwe. Mwingereza alitaka Uganda na chanzo cha Nile, na hakutaka mwingine amtangulie. Reli ikajengwa kutoka Mombasa, ikafika Kisumu 1901. Reli nayo inataka kodi, watu wa kazi na nchi iliyotulia. 1905 wanajeshi wakaja Gusii, watu wakauawa, ng'ombe wakachukuliwa. Januari 1908 Otenyo akamdunga mkuki afisa Northcote, na wanajeshi wakarudi kwa hasira. (Northcote alipona, na baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Otenyo wetu aliuawa.) Hayo yote yalitokea kabla Franz Ferdinand hajapanda lile gari Sarajevo. Ule ushindani uliozaa vita ulikuwa umeshafika kwa boma zetu, umekula ng'ombe na kuua watu.

Halafu kuna hii ambayo hunichoma. Mkataba wa Berlin wa 1885 ulikuwa na kipengele cha kuruhusu eneo kubwa la katikati ya Afrika, pamoja na huku kwetu, likae nje ya vita vya Ulaya. Hata magavana wa pande zote mbili hawakuwa na haraka ya kupigana. Tarehe 8 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Astraea ikashambulia Dar es Salaam. Wiki moja baadaye Wajerumani wakaingia Taveta. Karatasi ya Berlin ilikuwa na nguvu siku ya kugawa, siku ya kulinda ikawa karatasi ya kufungia maandazi.

Septemba Wajerumani wakavuka mpaka, wakaingia Kisii. Tarehe 12 wakapigana na KAR hapo mjini, kisha pande zote mbili zikaondoka kwa muda. Watu wetu wakaona Wazungu wamekimbiana, wakadhani utawala umeisha. Wakavunja ofisi na maduka, wakaingia misheni za Nyabururu na Nyanchwa. Kuna watakaosema huo ulikuwa wizi. Mimi nauliza, mtu aliyenyang'anywa ng'ombe 1905 na tena 1908, ulitaka afunge mlango wa ofisi vizuri na kuweka ufunguo mahali salama? Waingereza waliporudi walipiga risasi, wakachoma nyumba, wakakusanya mifugo kama faini. Kisha wakaanza kukamata vijana kubeba mizigo ya jeshi. Wapagazi waliokufa Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, na magonjwa na njaa viliwamaliza kuliko risasi.

Kwa nini mtu wa Nyansiongo ajali? Kwa sababu hapa kwetu tunafanya kosa hilo hilo. Vita vikizuka mpakani na Sotik, kama 1992 na baada ya uchaguzi wa 2007, unasikia: ni ng'ombe aliibwa Chebilat. Ng'ombe! Hakuna anayetaja kwamba mashamba haya yalikuwa ya masetla, waliowekwa katikati yetu na Wakipsigis, wala jinsi skimu zilivyogawiwa baada ya uhuru, wala wanasiasa wanaofufua hesabu hiyo kila kura ikikaribia. Tunatafuta mwizi wa ng'ombe, tukimpata tunaenda kulala, na moshi ukipanda tena tunashangaa.

Mwalimu atakayefundisha mada hii muhula ujao, nakuomba kitu kimoja. Kabla ya Sarajevo, weka kidole kwa mto Umba, kivute mpaka ziwani, kisha waulize watoto nani alichora huo mstari na alikuwa anamwogopa nani.