Zebaki hospitalini: Hiari ya Marekani inatufundisha nini?

Katika wodi na stoo za vituo vingi vya afya vya Afrika Mashariki bado kuna vipimajoto vya kioo vyenye zebaki, themomita kama wengi tunavyoziita. Zipo pia mashine za presha za aina ya zamani, zile zenye mrija mrefu ambao ndani yake zebaki hupanda na kushuka. Mkataba wa Minamata, ambao ni mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, uliweka mwaka 2020 kuwa kikomo cha kutengeneza vifaa hivyo, kuviingiza nchini na kuviuza nje, isipokuwa kwa nchi zilizoomba muda wa ziada. Uganda iliuridhia mwaka 2019, Tanzania mwaka 2020 na Kenya mwaka 2023.

Hata hivyo, kikomo hicho hakimlazimishi mganga mfawidhi kuondoa kifaa ambacho tayari kipo wodini. Kinachozuiwa ni kipya kuingia. Cha zamani, kwa sehemu kubwa, kimeachwa kwenye utashi wa hospitali yenyewe.

Je, utashi huo unatosha? Swali hili lilishajibiwa kwa vitendo mahali pengine. Mwaka 1998 serikali ya Marekani na hospitali za nchi hiyo zilikubaliana kupunguza zebaki na taka nyingine hatari kwa njia ya hiari. Tunaitazama safari hiyo kwa sababu ilifanikiwa kwa kiasi kikubwa, na kwa sababu mafanikio hayo hayakuletwa na hiari peke yake.

Tatizo lenyewe ni lipi?

Kipimajoto kimoja kina zebaki ya kati ya nusu gramu na gramu moja. Ni kidogo. Mashine moja ya presha ya ukutani au ya mezani inaweza kuwa na gramu 80 hadi 100, kwa hiyo ikianguka na kuvunjika ni sawa na kuvunja vipimajoto mia kwa wakati mmoja.

Zebaki ni metali, lakini haina tabia za chuma. Hata kwenye joto la kawaida la chumba inageuka mvuke usioonekana wala kunusika, na anayeuvuta kwanza ni muuguzi, mgonjwa na mhudumu wa usafi. Ikimwagwa kwenye sinki inaingia kwenye maji taka. Ikitupwa pamoja na taka zinazochomwa inapanda na moshi, kisha inashuka na mvua. Ikifika ziwani au baharini, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, sumu inayojikusanya ndani ya samaki. Samaki mkubwa anayekula wadogo huwa na nyingi zaidi. Mama mjamzito akila samaki wa aina hiyo mara kwa mara, ubongo wa mtoto aliye tumboni ndio unaoumia.

Jina la mkataba linatokana na mji wa Minamata nchini Japani, ambako mwaka 1956 yalitambuliwa rasmi maradhi ya watu waliokula samaki wenye sumu hiyo iliyotoka kiwandani. Sisi wa Kanda ya Ziwa, tunaokula samaki karibu kila siku, hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini habari hiyo inatuhusu.

Kuna na upande wa pili wa taka za hospitali, nao ni moshi. Mirija, mifuko ya dripu na vifaa vingine vya plastiki ya PVC vina klorini. Vikichomwa katika tanuri lisilo na joto la kutosha hutoa dioksini, kundi la kemikali zinazohusishwa na saratani na ambazo hudumu miaka mingi mwilini na kwenye mazingira.

Marekani walianzaje?

Katika miaka ya 1990 Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, EPA, lilipima vyanzo vya uchafuzi na kukuta jambo la aibu kwa sekta ya afya. Matanuri ya kuchomea taka za hospitali yalikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya dioksini. Ripoti ya EPA kwa Bunge ya mwaka 1997 ilionyesha pia kuwa matanuri hayo yalitoa takriban asilimia 10 ya zebaki yote iliyokuwa ikiingia hewani kutokana na shughuli za binadamu nchini humo. Nyumba ya kuponya ilikuwa ikiugulisha jirani zake.

Mwaka huohuo EPA ilitoa kanuni kali za moshi wa matanuri ya hospitali. Kuyafunga matanuri ya zamani mitambo ya kusafisha moshi kulihitaji fedha nyingi, na hospitali nyingi ziliona heri kuyazima.

Juni 1998 EPA na Chama cha Hospitali cha Marekani, AHA, vilitia saini hati ya makubaliano. Malengo yalikuwa matatu: kuondoa karibu kabisa taka zenye zebaki ifikapo 2005, kupunguza wingi wa taka zote za hospitali kwa theluthi moja ifikapo 2005 na kwa nusu ifikapo 2010, na kuzitambua kemikali nyingine sumu zinazodumu muda mrefu ili zipunguzwe. Baadaye Chama cha Wauguzi cha Marekani na mtandao wa Health Care Without Harm vilijiunga, na mpango ukajulikana kama Hospitals for a Healthy Environment.

Hapakuwa na faini kwa hospitali ambayo haikujiunga. Iliyojiunga iliahidi kwa maandishi, ikapewa miongozo ya bure, ikaripoti ilichofanya na kutunukiwa tuzo ikifanya vizuri. Katikati ya muongo wa 2000, hospitali nyingi za Marekani zilikuwa zimekwisha kuachana na vipimajoto vya zebaki. Lengo la kupunguza taka zote kwa nusu lilikuwa na mlima mrefu zaidi, na sababu haifichiki. Kipimajoto kina mbadala, unanunua kingine na kazi inaendelea. Glovu, sindano na vifungashio vinaingia upya kila asubuhi.

Somo la Boston

Mfano unaoeleza vizuri jinsi hiari inavyofanya kazi ulitangulia hata makubaliano hayo. Mamlaka ya maji na maji taka ya Boston ilikuwa haitaki zebaki kwenye mabomba yake, na kiwango chake kilikuwa sehemu moja tu katika bilioni. Hospitali za mji huo zilikuwa zikikivuka. Mwaka 1994 zikaunda kikosi kazi cha pamoja na mamlaka hiyohiyo, badala ya kila moja kupambana na barua za onyo peke yake.

Walipochunguza walikuta kwamba vipimajoto havikuwa chanzo pekee. Zebaki ilikuwemo kwa kiasi kidogo ndani ya baadhi ya kemikali za maabara na hata bidhaa za usafi, bila muuzaji kuitaja. Nyingine ilikuwa imetulia kwenye mabomba yaliyo chini ya masinki, mabaki ya miaka mingi ya kumwaga ovyo. Hospitali zikagawana orodha za bidhaa zilizopimwa, ili moja ikigundua tatizo nyingine zisirudie kazi ileile.

Hapa kuna mambo mawili ya kushika. La kwanza, walihesabu na kupima kabla ya kutangaza mafanikio. La pili, hiari yao ilikuwa na sheria imesimama mlangoni. Aliyekataa kushirikiana kwa hiari angekutana na mamlaka ya maji taka, au na kanuni za moshi za mwaka 1997. Ukiongeza gharama ya kusafisha wodi kila mashine ya presha inapovunjika, na sauti ya wauguzi ambao ndio waliokuwa wakivuta mvuke, utaelewa kwa nini wakurugenzi walitia saini.

Zebaki iliyoondolewa ilikwenda wapi?

Hili ndilo swali ambalo hiari peke yake haikuweza kulijibu. Zebaki haiungui ikaisha. Ikikusanywa kutoka hospitalini inasafishwa, na ikishasafishwa ni bidhaa yenye bei. Kwa miaka mingi, zebaki iliyorejelezwa katika nchi tajiri iliweza kuuzwa kihalali kwenye soko la dunia, na wanunuzi katika soko hilo ni pamoja na wachimbaji wadogo wa dhahabu.

Geita, Chunya au Migori hakuna asiyejua zebaki inavyotumika. Mchimbaji anaichanganya na mchanga wa dhahabu kwenye karai kwa mikono mitupu, kisha anaichoma ili dhahabu ibaki. Kwa hiyo sumu iliyookolewa kwenye wodi ya ng'ambo iliweza kuishia kwenye mapafu ya kijana wa huku. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza zebaki nje kuanzia mwaka 2011. Marekani ilipitisha sheria kama hiyo mwaka 2008, iliyopelekwa Bungeni na Barack Obama alipokuwa seneta, na ikaanza kutumika Januari 2013.

Hiari ilisafisha hospitali. Kuziba njia ya kutokea kulihitaji sheria.

Na kwetu je?

Tanzania haikuanza jana. Ilikuwa miongoni mwa nchi nne, pamoja na Ghana, Madagaska na Zambia, katika mradi wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, uliofadhiliwa na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Mradi huo ulipeleka kwenye hospitali zilizochaguliwa vifaa visivyo na zebaki, pamoja na mashine zinazoua vijidudu kwenye taka kwa mvuke wa moto badala ya kuzichoma.

Lakini mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kufungwa, na hospitali zilizochaguliwa ni chache. Zilizobaki zinakutana na vikwazo vitatu vya kawaida.

Kikwazo cha kwanza ni imani kwa kifaa. Madaktari na wauguzi wengi wamefundishwa kwamba mashine ya zebaki ndiyo inayosema kweli. Hofu hiyo ina msingi: mashine ya presha ya mshale inayumba kadiri siku zinavyokwenda, na ya kidijitali betri ikichoka inaweza kukupa namba za ajabu. Ila dawa yake inajulikana. Mashine zikaguliwe na fundi wa vifaa tiba kwa ratiba, na betri ziwemo kwenye bajeti kama ilivyo pamba na spiriti. Kituo kinachopokea vipimo vipya bila fundi wala betri kitarudia vya zebaki ndani ya miezi michache, na hakitakuwa na kosa.

Cha pili ni ununuzi. Zahanati hununua kinachopatikana. Kama maduka ya vifaa tiba mtaani bado yanauza themomita za kioo kwa bei ya chini, tangazo la ukutani halitashindana nazo. Hapa ndipo Bohari ya Dawa, halmashauri na hospitali za mashirika ya dini zinapoweza kushirikiana kwa hiari na ikaonekana: kuandika kwenye oda zao zote kwamba vifaa vya zebaki havipokelewi.

Cha tatu, na kigumu kuliko vyote, ni mahali pa kupeleka vya zamani. Hospitali ikiamua leo kuviondoa, itaviweka wapi? Shimo la kondo la nyuma si mahali pake, na tanuri ndilo baya zaidi. Bila ghala salama la mkoa au kanda, lenye daftari linaloonyesha kila gramu iliyoingia, muuguzi mwema atavifungia kabatini, na siku moja mtu atagundua kwamba zebaki ina bei machimboni.

Kwa upande wa taka nyingine, njia ya mkato ipo na tayari tunaifahamu. Shirika la Afya Duniani linasema takriban asilimia 85 ya taka za huduma za afya ni za kawaida, hazina hatari kuliko za nyumbani. Ndoo za rangi tofauti wodini zina kazi hiyo, kutenganisha. Ganda la ndizi likitupwa kwenye ndoo ya njano linageuka taka ya kuambukiza, na moshi wake unalipiwa. Kutenganisha vizuri hakuhitaji mfadhili, kunahitaji msimamizi wa zamu anayefunua ndoo na kutazama.

Maswali ya kuuliza

Tukiyaweka pamoja, safari ya Marekani inatuambia kwamba hiari huzaa matunda pale palipo na hesabu ya wazi, mnunuzi aliyebadili oda na sheria inayomsubiri anayebaki nyuma. Kwetu sheria ya mpakani ipo. Hesabu ya kilichomo makabatini na ghala la kukipokea ndivyo vinavyopaswa kufuata.

Msomaji, kama umo kwenye kamati ya kituo cha afya au bodi ya hospitali ya wilaya, kikao kijacho uliza haya. Vifaa vya zebaki vilivyopo ni vingapi, na orodha yake anayo nani? Oda ya mwisho ya vipimajoto ilikuwa ya aina gani? Kikivunjika usiku, aliye zamu anajua la kufanya?

Kwa swali hilo la mwisho jibu ni fupi. Watu watoke na madirisha yafunguliwe. Usifagie, kwa sababu ufagio huzitawanya punje. Vaa glovu, zisukume punje pamoja kwa kadi ngumu, zitie kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, andika juu yake "zebaki" na uikabidhi kwa mkuu wa kituo. Isiende kwenye sinki, na kamwe isiende kwenye moto.