Mbwa akifa baada ya sindano, mtoto aambiwe nini?

Swali huwa halichelewi. Mbwa ameshazikwa nyuma ya banda la kuku, sahani yake bado iko mlangoni, na mtoto wa darasa la pili anauliza: "Baba, si ulisema ile sindano itamlinda?"

Wazazi wengi hubabaika hapo. Mmoja anasema mbwa amepelekwa kwa babu Tukuyu. Mwingine anasema amelala tu. Mtoto wa miaka minne akiambiwa kifo ni kulala, usiku huo anaweza kugoma kufumba macho. Na yule wa darasa la pili ameshaona jembe lina udongo mbichi.

Kwa nyumba za Mbeya na Iringa, mbwa si pambo. Ndiye anayebweka usiku wa baridi ya Juni wakati kila mtu amejikunyata ndani ya blanketi, na ndiye anayewasindikiza watoto hadi njia panda asubuhi kwenye ukungu. Watani wa Wahehe wana mengi ya kusema kuhusu mbwa, lakini siku ya msiba wa namna hii wayaweke kando. Mtoto amempoteza rafiki.

Kabla ya kumjibu, mzazi mwenyewe ajue ilikuwa sindano gani, kwa sababu nyumbani neno ni moja lakini dawa ni tofauti sana.

Ya kwanza ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa kulala sana, kukosa hamu ya kula au kuvimba kidogo palipochomwa kwa siku moja au mbili ni jambo la kawaida. La kuogofya ni mzio mkali, ambao kwa kawaida huanza ndani ya dakika chache hadi saa chache: uso kuvimba, kutapika mfululizo, kuhema kwa shida, fizi kuwa nyeupe, kisha kuanguka. Daktari akiwa karibu, huwahi na sindano ya adrenalini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2005, uliopitia kumbukumbu za mbwa zaidi ya milioni 1.2 waliopewa chanjo za aina mbalimbali, ulikuta madhara kwa mbwa kama 38 katika kila 10,000 ndani ya siku 3. Vifo vilikuwa nadra sana. Mbwa wadogo kwa umbo na waliopewa chanjo nyingi kwa mkupuo ndio waliokuwa kwenye hatari zaidi.

Ya pili ndiyo inayostahili kusemwa kwa sauti. Ni aivamektini, ile ya chupa inayouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo kwa ajili ya minyoo, upele na kupe wa ng'ombe. Baba ana ng'ombe wawili, dawa imebaki, mbwa anajikuna. Anavuta kidogo kwenye bomba na kumchoma. Ile ya asilimia 1 imepimwa kwa ng'ombe: mililita 1 kwa kilo 50 za uzito. Mbwa mchanga wa kilo 5 akipewa hiyo mililita 1, amepewa mara kumi ya kipimo cha ng'ombe kwa kila kilo ya mwili wake. Dawa huingia kwenye ubongo. Mboni zinatanuka, mate yanamtoka, anayumba kama mlevi, anatetemeka, wakati mwingine haoni, mwisho anazimia. Haina dawa maalumu ya kuiondoa sumu yake. Daktari humsaidia mbwa aendelee kupumua, apate maji na joto hadi mwili uitoe. Wapo pia mbwa, hasa wa jamii ya collie na machotara wao, waliozaliwa na kasoro ya vinasaba inayofanya hata kiasi kidogo kiwadhuru.

Halafu kuna kifo ambacho sindano inasingiziwa. Mbwa aliyekufa wiki moja baada ya chanjo anaweza kuwa ameuawa na homa ya kupe, parvo au sumu ya panya. Kubahatisha hakusaidii. Wakala wa Maabara ya Veterinari una kituo Iringa, na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, yenye ofisi ya kanda Mbeya, hupokea taarifa za madhara ya dawa, za mifugo zikiwamo. Mwenye mbwa aanze kwa daktari wa mifugo wa wilaya, tena mapema, kabla ya kuzika.

Sasa mtoto. Kama ilikuwa chanjo, maneno machache yanatosha: "Amekufa, hatarudi. Ile dawa huwalinda mbwa wengi, lakini mwili wake uliikataa. Si kosa lako wewe uliyemshika kamba." Hilo la mwisho lisisahaulike, maana mara nyingi mtoto ndiye aliyempeleka mbwa kwenye uwanja wa shule siku ya chanjo.

Kama ilikuwa mkono wa baba, ni vigumu zaidi. Baba wa Kitanzania hakuzoea kumwambia mtoto, "Nilikosea kipimo." Lakini akinyamaza, mtoto atajijazia mwenyewe: sindano huua. Na hapo ndipo hatari ilipo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila anayeugua hufa. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto chini ya miaka 15. Mtoto anayeogopa sindano kuliko jino la mbwa ataficha jeraha ndani ya soksi, wakati alipaswa kuliosha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na kuwahi kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Hadithi ya kumpa ipo, tena ya kweli. Julai 1885 mjini Paris, mtoto wa miaka 9 aitwaye Joseph Meister, aliyeng'atwa vibaya na mbwa, alichomwa chanjo ya Louis Pasteur. Akapona, akakua mtu mzima. Watoto hupenda kuuliza alichomwa sindano ngapi. Zilikuwa 13, kwa siku 10 hivi.

Mbwa mpya asiletwe wiki hiyo hiyo kama kiraka. Akija baadaye, daktari aambiwe yaliyompata wa kwanza, na aonyeshwe kadi yake ya chanjo kama bado ipo. Siku ya sindano mbwa asirudishwe nyumbani mbio. Akae hapo hapo kivulini nusu saa, mzazi akiwa karibu, na mtoto apewe kazi ya kumtazama uso kama unavimba, huku daktari hajafunga sanduku lake.